Pale Tunapoingia Sebene

Kahindo, mwanangu, mama yangu mdogo,

Umeenda Katoyi kumuaga koko yako, na mimi namjua mama mkwe wangu: hatakuachilia kabla hujala kila kilicho jikoni mwake. Basi nimebaki na meza nzima peke yangu. Habari za sweta, za chandarua na za nani wa kumpigia simu ukishuka bandarini Bukavu, papa yako amekwisha kuzisema, na leo asubuhi nimemkuta anazisema tena peke yake huku anafunga begi lako. Sitazirudia. Nimekaa hapa kwa sababu kuna swali uliniuliza, nami sikulijibu.

Ulikuwa umesimama mlangoni Jumapili, baada ya muzee Balume na Kambale kuondoka. Ulisema, "Maman, ukisema nibakiye, nitabakiya. Sitakuchukia." Nikakwambia sombe inaungua, nikakimbilia jikoni. Sombe yenyewe ilikuwa bado majani mabichi ya muhogo, haijatwangwa. Ulijua, maana nilikusikia ukicheka kidogo, na tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wapangaji.

Wale wawili walikuja kuniomba nikuzuie. Muzee Balume, aliyeanza kupiga ngoma za bendi yetu kabla wewe hujazaliwa, aliweka kofia yake gotini akaniambia taratibu: "Shefu, mutu wa besi tutapata. Mutu wa kutusimamisha pa kosa bila kutuumiza, uyo hatutamupata. Sema neno moja tu." Kambale, wa gita la solo, alikuwa anatazama kucha zake. Mimi nami sikuwarudisha. Niliwaambia nitafikiri, na ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa upande wao.

Maana watu wananiita mimi shefu. Mimi ndiye ninayeimba, mimi ndiye ninayeongea na wenye arusi, mimi ndiye ninayegombana na kijana wa chukudu, lile toroli la mbao, anapotaka kupakia spika zetu juu ya magunia ya makaa. Lakini mazoezi ni yako. Tangu ulipoyachukua, bendi hii haijaaibika mahali popote, na mimi mwenyewe nimekuwa nikijiuliza tutakuwa nini bila wewe. Huko Bukavu nako kuna bendi inayokungoja. Kiongozi wao amehamia Uvira, wanataka kupiga sikukuu ya Noeli, na wamekwisha kugombana hata mmoja akabeba gita lake akarudi nalo nyumbani. Kwa hiyo najua ninachokichagua nikisema neno, na najua nani atakosa nini.

Kabla ya kukujibu, acha nikueleze bendi hii ilivyokuwa mikononi mwangu. Vingine uliviona ukiwa mdogo, ila uliviona ukiwa upande wa wanaocheza.

Unakumbuka Jumamosi zetu hapa mtaani Mabanga. Tulikuwa tunatoa vyombo nje, parsele, kiwanja cha nyumba yetu, inajaa. Watoto wanakaa juu ya ukuta wa mawe, jirani yetu analeta sufuria yake ya mandazi, vijana wanaegemea pikipiki zao barabarani. Hayo ndiyo tuliyoyaita repetisyo, mazoezi, na kila bendi ya mtaa huu ilifanya vivyo hivyo, na anayefunga mlango wake alionekana mchoyo au mchawi. Mimi niliyapenda, usiniulize. Nilikuwa navaa kitenge kizuri kwa ajili ya mazoezi. Nilikuwa najipaka mafuta ya midomo ili nikaimbe mbele ya watoto wa shule wenye vidole vilivyojaa sukari.

Sasa wewe unajua wimbo wetu unavyokwenda. Unaanza polepole, ninasimulia habari za bibi arusi na ukoo wake, halafu unafika pale gita la solo linapochangamka, ngoma inageuka na watu wote wanainuka. Sebene. Na hapo katikati, kati ya polepole na kuchangamka, kuna kipande kifupi sana ambacho kila mmoja lazima akipite pamoja na mwenzake. Sisi tulikuwa hatukipiti. Tulikuwa tunajikwaa pale kila Jumamosi, na kila tukijikwaa watoto wa ukutani walikuwa wanaimba, "Sebene, sebene," na sisi tunatabasamu na kuruka moja kwa moja kwenye sebene tunayoijua vizuri. Parsele inacheza. Jirani anamaliza mandazi. Tunafunga vyombo tumetoka jasho, tunaambiana leo tumefanya kazi. Hatukuwa tumefanya kazi yoyote, tulikuwa tunapiga tulichokwisha kukijua, mbele ya watu waliokwisha kutupenda.

Ndipo ikaja arusi ya yule binti wa wafanyabiashara wa Butembo. Watu wake walikuwa wengi, wazee wao wamevaa makoti, na ukoo mzima ulikuwa umejipanga katikati ya ukumbi kungoja sebene ili wamtuze binti yao. Nikaimba polepole yangu vizuri, Mungu ananiona. Tukafika pale. Kambale akaingia, muzee Balume akangoja kidogo, besi ya yule kijana tuliyekuwa naye zamani ikaenda njia yake, na mimi nikabaki na mdomo wazi nikitafuta nani wa kumfuata. Hapakuwa na watoto wa kutuokoa. Wale wazee wa makoti walisimama, mguu mmoja mbele, wakitungoja. Mama wa bibi arusi alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, alinitazama kwa huruma. Tulianza upya tukamaliza, lakini ukoo ulikuwa umerudi kukaa.

Ungedhani nilijifunza hapo. Sikujifunza kitu. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na Jumamosi iliyofuata nikatoa vyombo nje kama kawaida, tofauti yake tu ni kwamba sasa nilikuwa nasimamisha watu kwa mikrofoni. Sifa, yule dada anayeniitikia, aliingia kwa sauti ya juu kabla ya wakati wake. Nikasimamisha bendi nzima nikamwambia, mikrofoni ikiwa mkononi na parsele imejaa, kwamba kama masikio yake yamelala ayapeleke nyumbani. Watu walicheka. Nilidhani ndivyo ukali unavyokuwa.

Sifa hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Nilimfuata kwenye kibanda chake cha kuuza viatu, nikiwa nimejiandaa kumwambia anajivuna. Alinipa kiti. Alimfungia mteja viatu vyake, akangoja aondoke, kisha akasema: "Kosa yangu niliijua, maman. Lakini ulinisemea mbele ya batoto bangu. Balikuwa pale ku ukuta." Sikuwa nimewaona. Miaka yote nilikuwa napenda watu waje wanitazame, na sikuwahi kufikiri kwamba kati yao kuna watoto wa mtu ninayemwaibisha. Nilimwomba msamaha palepale kibandani, naye akaupokea, lakini ilichukua muda mrefu kabla hajaimba tena kwa sauti yake yote.

Halafu umeme ukakatika. Wewe unaikumbuka vizuri hiyo sehemu, kwa sababu ulikuwa umeanza kushika gita la besi na ulikuwa na hamu. Mtaa wetu wote ulikuwa gizani, jenereta yetu imeharibika, na mimi nilitaka kuwaambia watu wakae kwao. Ukasema, huku unakuna mguu wako kama mtu asiyejali, "Si tupige tu ivyo, mu nyumba?" Nilikuangalia nikaona mtoto asiyejua kazi. Nilikubali ili tu uone kwamba haiwezekani.

Tukafunga mlango. Kambale kwenye kiti cha papa yako, gita halijaunganishwa na chochote, linalia kama kitu kidogo kilichofungwa ndani ya kabati. Muzee Balume anapiga mapaja yake kwa viganja. Tukafika pale, na kwa mara ya kwanza tukasikia. Kambale alikuwa anaingia kabla ya ngoma. Kidogo tu, lakini kabla. Alikuwa ameingia hivyo kwa muda gani, hakuna anayejua, maana spika zilikuwa zinatufunika sote. Alisikia mwenyewe, akaacha kupiga. Wewe hukumwambia amekosea. Ulimuuliza muzee Balume apige mapaja yake tena, polepole zaidi, kisha ukamwomba Kambale aimbe kwa mdomo kile ambacho vidole vyake hufanya. Akaimba, mtu mzima yule mwenye aibu, na akakipita. Tukakirudia kile kipande kifupi mpaka chai ikapoa. Sebene hatukuipiga kabisa siku ile, na hakuna aliyeidai.

Mimi nilikaa pembeni nikiwa na wivu. Nakwambia wazi. Nilikuwa nimeongoza watu hawa miaka mingi kwa sauti kubwa, na mtoto wangu amewaweka sawa kwa kuuliza. Nilitafuta kosa la kukukosoa, nikakuambia unakaa vibaya, umeinama.

Na bado unakaa vibaya.

Huko unakokwenda utakuta watu wakubwa kuliko wewe, na watataka kukupima. Watakupigia sebene yao nzuri siku ya kwanza ili uone wao si watoto. Waache wapige, furahia, cheza kama unaweza. Kisha waulize ni wapi huwa wanaogopa. Usiwaambie wewe, hata kama umesikia. Watu wa muziki wanajua mahali pao pa kuogopa, ni vile tu hakuna anayewauliza, na wakikuonyesha wenyewe hawatakuchukia kwa kupajua. Anzeni hapohapo kabla hamjachoka. Mimi nilikuwa naweka magumu mwisho, watu wamekwisha kutoka jasho na wanafikiria nyumbani, halafu nilikuwa nashangaa kwa nini hayanyooki.

Atakayechelewa, usimngoje na usimseme. Unakumbuka muzee Balume alivyokuwa anafika wakati wake mwenyewe, na sisi tumekaa tunapiga porojo tukimsubiri, na akifika tumekwisha kuchoka kukaa. Wewe ulianza tu na waliopo. Ulikuwa unachukua besi yako na sauti ya Sifa mnafanya kazi ninyi wawili kimya kimya. Muzee alifika siku moja akakuta mmekwisha kupanga kitu ambacho ngoma yake haimo, na hajachelewa tena isipokuwa siku ya mvua. Hukumwambia neno hata moja. Mimi ningemwambia mengi.

Na usiwape nyimbo nyingi. Najua una daftari zima la nyimbo kichwani na utataka wazijue zote kabla ya Noeli. Nilifanya hivyo mwaka ule tuliotaka kushindana na bendi ya Katoyi, tukaingia sikukuuni na nyimbo nyingi zilizoiva nusu, kama ugali wa mtu mwenye haraka. Wimbo mmoja wakiujua mpaka wanaweza kuuongelea, unawapa moyo wa kushika mwingine. Na mazoezi yakienda vizuri, yafunge wakiwa bado wanataka. Hili bado linanishinda mimi. Nikisikia kitu kimekaa vizuri ninataka tena na tena, mpaka kinaharibika, na watu wanakwenda nyumbani na kile kilichoharibika.

Kuna jambo lako moja ambalo hakuna atakayekuambia huko, kwa hiyo nakuambia mimi. Unafyonya. Mtu akikosea hutamki kitu, unauliza vizuri, lakini kabla ya kuuliza unafyonya, kidogo tu, pembeni ya mdomo. Sisi tumekuzoea, Kambale hata anakuiga usipokuwepo. Watu wa Bukavu hawajakuzoea. Umelitoa kwa koko yako, na leo umekwenda kujaziwa tena.

Sasa jibu.

Leo mchana, ulipoondoka tu, niliwaita wote. Sikukuambia, na niliwaomba wasikuambie. Niliwaambia tupige ule wimbo mpya, ule uliougeuza wewe, wenye lile pito gumu ambalo besi yako ndiyo inayowavusha. Bila besi. Walinitazama. Muzee Balume aliuliza ikiwa niko mzima. Nilisema nataka kuona tutakuwa wapi wewe ukienda, na hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni hii: nilitaka washindwe. Nilitaka waanguke pale mbele yangu ili niwe na sababu ya kukaa na wewe leo jioni na kukwambia, mwanangu, umeona, bila wewe hakuna bendi, bakia. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga hayo maneno. Nilikuwa hata nimeyajaribu mbele ya papa yako, naye akatoka nje.

Tulifunga mlango. Niliimba polepole yangu, na nilipokaribia pale nikanyamaza mapema kidogo, kwa makusudi, nisiwasaidie.

Wakaanguka. Vibaya kabisa, kama siku ya wazee wa makoti. Nikafungua mdomo nianze kusema, na Kambale akainua mkono. Kambale, ambaye huongea mara chache kuliko kiti. Akasema, "Tusimame apa. Turudiliye apa peke." Akazima gita lake. Akamgeukia muzee Balume akamwomba apige mapaja. Kisha akamuuliza Sifa, "Wewe unasikia besi ya Kahindo namna gani mu kichwa?" Sifa akaiimba. Akaiimba yote, Kahindo, kila mahali unapongoja na kila mahali unaposukuma, na mimi sikujua kwamba kuna mtu mwingine aliyeibeba kichwani. Wakaanguka tena. Hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyesema turuke kwenye sebene. Walisogeza viti karibu, wakarudia kile kipande kifupi wakiwa wameinamisha vichwa, na mimi nilikuwa nimesimama na mikrofoni isiyowashwa nikiwa sina la kufanya.

Wakakipita.

Nikasema naenda kutengeneza chai. Nilikwenda jikoni nikalia, nikiwa nimejishika kwenye ukingo wa meza, na kama ukiniuliza nililia kwa furaha au kwa kukupoteza, sitaweza kukutenganishia. Nilipofuta uso na kurudi na chai, nilikuta wamekwisha kuanza wimbo tangu mwanzo. Hawakuningoja. Sifa alikuwa anaimba polepole yangu, mahali pangu, kwa sauti yake yote.

Basi nenda.

Sikuambii nenda kwa sababu hatukuhitaji. Mimi nakuhitaji sana, na kesho nitakapokuona unapanda boti nitakuhitaji kuliko leo, na nitajifanya naangalia mizigo. Muzee Balume naye alipokuwa anavaa kofia yake hapa mlangoni aliniambia, bila kunitazama, nisikwambie lile neno la kukuzuia. Nakwambia nenda kwa sababu leo nimeona kazi yako ukiwa haupo, na niliitafutia kosa, unanijua, nililitafuta kwa bidii yangu yote, nikalikosa.

Nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Usiku huu usije kuniamsha tuongee, tutalia wote wawili na papa yako hatalala. Nikumbatie asubuhi, hiyo itatosha.

Ni mimi niliyekuzaa, na ambaye sasa lazima akamwombe Sifa amrudishie wimbo wake,

Mama yako